Sifuri ya Kidundo

Bi Mwanamkasi Kheir hakuwa na ugomvi na mtu duniani, ila na sifuri. Nambari nyengine zote alizipenda, kubwa kwa ndogo, maana nambari, alisema, ni mgeni aliyekuja na habari. Sifuri huja mikono mitupu na bado inataka kiti. Kwa miaka thelathini na moja ameandika nambari katika Masjala ya Maradhi ya Mifugo, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, dirisha linatazama Mlandege na kelele zake zote. Hapo ndipo zilipokuwa zikimfikia fomu za maradhi ya ng'ombe kutoka shehia zote za Unguja, naye akizihamishia kwenye daftari lenye jalada la kijani, kwa wino wa buluu na rula ya mti.

Daftari hilo lilikuwa halina mfuto hata mmoja. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba siku akifa haitahitajika hotuba, itatosha kusemwa: marehemu hakufuta. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akilalamika kuwa ameoa mke mmoja na kurithi ng'ombe wa kisiwa kizima, maana hata chakula kikiwa mezani mkewe anahesabu nani kafa na ndigana kali kule kwao Matemwe. Alipenda kazi yake mapenzi ya kweli, ingawa alijua kuwa daftari likijaa linatiwa kabatini, na hakuna aliyewahi kuja kulisoma.

Basi mwaka ule, kaskazi kali imeanza, ikaja habari iliyomtia kiwewe cha furaha. Iliamuliwa kuwa takwimu za maradhi ya ng'ombe zitolewe hadharani, kwa mara ya kwanza. Zibandikwe ubaoni mlangoni mwa masjala, zipelekwe kwenye baraza za masheha, ziwekwe kwenye tovuti, zisomwe redioni. Bi Mwanamkasi alipanda ngazi mbili mbili siku hiyo, mwanamke wa miaka hamsini na sita, na jioni yake akashuka Darajani kununua buibui jipya, kana kwamba zinazotangazwa si nambari bali ni posa.

Na nambari zenyewe zilikuwa na kazi. Zilikuwa zimepatikana chanjo mia tatu za ndigana kali, yale maradhi yanayoletwa na kupe, yanayomaliza ng'ombe kabla mwenyewe hajajua aanzie wapi. Chanjo zitakwenda kwenye shehia yenye vifo vingi kuliko zote kwa mujibu wa orodha. Shehia yenye vifo vichache kuliko zote itapewa cheti cha shehia ya mfano, na cheti hicho kilikuwa kimeshaandikwa jina: Kidundo, kijiji cha maweni huko mbele ya Tunguu, ukiacha lami. Kidundo kilikuwa na ng'ombe mia tatu kasoro, na katika miaka miwili vifo vya ndigana vilikuwa sifuri. Kulikuwa na cheti cha pili pia, cha karani mwenye daftari safi. Huyo kila mtu alimjua ni nani, na yeye mwenyewe alijifanya hajui.

Orodha ilikuwa ibandikwe Alkhamisi. Jumanne asubuhi, saa nne, Mashavu akaingia na chupa yake ya chai na sinia la sambusa. Mashavu ni mzaliwa wa Kidundo, anauza chai kwenye ukumbi wa masjala, na sambusa zake za nyama ziliwafanya makarani wamalize kazi mapema ili wazingojee. Bi Mwanamkasi akachukua moja, akauma, akamiminiwa kikombe, akaona chai ni ya rangi.

"Maziwa yako wapi leo?"

"Maziwa yatoke wapi, Bi Mwanamkasi," Mashavu akajibu huku anafuta sinia. "Nyumbani tulikuwa tushabakiwa na wawili tu wa kukamua, na mmoja juzi kawahiwa. Si ndiyo hiyo nyama unayoila."

Bi Mwanamkasi aliacha kutafuna.

Kila mtu wa Unguja anajua maana ya kuwahiwa. Ng'ombe akilala, akawa haonekani kuwa ni wa kupona, mwenyewe hangojei. Anaitwa mtu mwenye kisu kikali, bismillahi inasomwa, na mnyama anachinjwa roho ikiwa bado imo, maana akitangulia kufa ni mzoga, halali haipo tena na shimo la kumfukia linachimbwa. Mkaguzi wa nyama anaitwa, akiiona nyama ni salama anaipiga muhuri, na ndigana kwa bahati haimpati binaadamu. Hata baba yake Bi Mwanamkasi, kule Matemwe, aliwawahi ng'ombe wake watatu kati ya watano, na yeye mwenyewe akiwa mtoto ndiye aliyeshika bakuli la maini. Alilijua hilo nyumbani kwao tangu hajaota meno ya pili, na ofisini alikaa miaka thelathini na moja bila ya kulikumbuka.

Fomu ya maradhi ilikuwa na safu mbili tu, waliougua na waliokufa, na Kidundo hakuna aliyekufa. Waliougua nao hawakuandikwa, maana bwana mifugo anapofika fomu mkononi, mgonjwa yumo chunguni. Waliochinjwa walikuwa na fomu yao, na fomu hizo zilikaa kwenye kabati la pili, kwa upande wa chakula. Kabati mbili, hatua nne baina yao, hazijawahi kusemeshana.

Aliiweka sambusa juu ya meza kwa taratibu, kama mtu aliyeshika ushahidi. Akafungua kabati la pili, akatoa mafaili ya Kidundo ya miaka miwili, akakaa chini sakafuni na buibui lake jipya. Nassra, msichana wa kompyuta, alipoingia alimkuta amezungukwa na karatasi, miwani imemshuka puani, midomo inahesabu. Akadhani bibi wa watu kapatwa na jambo.

"Kaa hapa," Bi Mwanamkasi akamwambia. "Nisomee tarehe. Usinisomee kitu chengine."

Wakasoma. Ng'ombe tisini na wanne walichinjwa Kidundo kwa miaka miwili. Wakatoa wa Idd, wakatoa wa maulidi, wakatoa wa harusi na wa khitma, wote walioandikwa sababu, jumla ishirini na saba. Wakabaki sitini na saba ambao hawana sherehe wala msiba. Wengi walichinjwa katikati ya masika, wakati majani ya maweni yamejaa kupe. Halafu Nassra, bila ya kuulizwa, akasoma na jinsia. Jike. Jike. Mtamba. Jike anayekamuliwa. Wakatazamana. Nani huchinja ng'ombe anayekamuliwa, siku ya Jumanne, bila ya harusi?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakufika Kidundo, ambako kisu kinakitangulia kifo na hakuna wa kumuumbua mtu. Shehia iliyokuwa ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ndiyo ya kwanza. Ile iliyoongoza ilikuwa na vifo thelathini na kimoja. Na keshokutwa chanjo zingeandikiwa wengine kwa mujibu wa sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa na mwandiko mzuri wa duara wa Bi Mwanamkasi.

Akaenda kwa mkuu wa masjala, Ayoub, kijana ambaye angeweza kumzaa, mpole, mwenye kuipenda kazi na kuogopa simu. Ayoub alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kuwa ni uongo. Alisema kuwa karatasi ya kuchinja haiandiki maradhi, na yeye hawezi kuhamisha ng'ombe sitini na saba kutoka safu hadi safu kwa dhana, siku mbili kabla ya watu kusoma. Alitaka jina la mwenye ng'ombe, dalili alizoziona, na sahihi ya sheha. Orodha inakwenda kuchapwa kesho, Jumatano, saa nane mchana.

"Basi kesho saa nane," alisema Bi Mwanamkasi, na akatoka kabla mwenzake hajabadilisha mawazo.

Gari la ofisi lilikuwa gereji, kama kawaida yake kila linapohitajika. Nassra alikuwa na vespa. Bi Mwanamkasi hakuwahi kupanda vespa maishani mwake, na alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kuwa hatapanda. Jumatano saa mbili asubuhi alipanda, mafaili ameyafunga kanga kifuani, mkono mmoja umeshika kiuno cha Nassra na mwengine umeshika miwani. Mpaka Kiembesamaki alikuwa akisoma kila dua aliyoijua. Walipofika Tunguu, ambako wanafunzi wa chuo walikuwa wanavuka barabara, zilikuwa zimemwishia, akaanza kumwambia Nassra aongeze mwendo. Walipoacha lami na mawe yakaanza kuwarusha, alicheka kicheko ambacho Nassra hakupata kukisikia ofisini.

Kidundo ilikuwa imejipamba. Baraza ya sheha imepakwa chokaa mpya kwa ajili ya cheti, na msumari wa kukitundikia umeshapigwa. Sheha mwenyewe, Kificho Borafya, mzee mwenye kikofia kilichonyooka, aliwapokea kwa bashasha. Bi Mwanamkasi akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na sheha akawatangazia waliokuwepo kuwa huyu ndiye mama wa sifuri yao. Watu wakaja na watoto wao kumuona. Ikawa kama amekuja kuvunja harusi siku ya harusi.

Alipoeleza kilichomleta, bashasha ikakatika. Hakuna aliyekasirika. Mmoja akasema kuwa ng'ombe akichinjwa amechinjwa, habari imekwisha. Mwengine, Junaid, muuza nyama, akasema wazi kilichokuwa rohoni mwa wengi. Watu wa mjini wakisikia kuwa ng'ombe walikuwa wagonjwa watasema Kidundo imewalisha vibovu, na nyama ya Kidundo haitanunuliwa tena hata kwa dawa. Sheha alikuwa akiutazama msumari wake.

Saa zilikuwa zinakwenda. Bi Mwanamkasi akafungua kanga, akatoa lile daftari la kijani ambalo halijapata kutoka ofisini, akaliweka wazi juu ya baraza, ukurasa wa Kidundo.

"Nyama ilikaguliwa, na muhuri upo. Atakayesema kitu aje kwangu, maana hata mie jana nimeila kwenye sambusa, na hapa nimekuja kwa vespa," alisema, na wachache wakacheka. "Sikuja kukutafutieni kosa. Nyinyi mlileta fomu mbili, na zote mbili za kweli. Mie ndiye nisiyezisoma pamoja. Hii sifuri nimeiandika mie kwa mkono wangu, na kesho itakunyimeni chanjo."

Halafu, bila ya kungoja jawabu, akaanza kusoma karatasi za kuchinja, moja moja, tarehe na jina la mwenye ng'ombe. Alisoma kwa sauti ya mtu anayenakili, haina haraka wala huzuni. Jina la nne lilikuwa la Bi Bashira, mjane, aliyekuwa amekaa mwisho wa baraza na ukili wake anasuka. Jike, anayekamuliwa, tarehe kumi na nne Mei.

Bi Bashira akaacha kusuka.

"Huyo alikuwa Mpaji," alisema. "Tezi zilimtuna chini ya masikio, hivi. Akawa anahema, povu linamtoka puani. Siku ya tano nikamwita Junaid amuwahi. Nyama yake sikuila. Andika."

Bi Mwanamkasi aliandika kwa furaha, na akaona haya kufurahi mbele ya mwanamke anayemkumbuka ng'ombe wake, lakini furaha haikumsikiliza. Jina la tano mwenyewe akasema tezi. La sita, tezi na kuhema. Junaid muuza nyama, ambaye ndiye aliyeshika kisu mara nyingi kuliko wote, akajikuta anakumbuka zaidi ya wenyewe, huyu alikuwa na mapafu yamejaa maji, huyu alikuwa na kupe mpaka kwenye kope, na alipoanza kusema hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Nassra alipiga picha kila karatasi kwa simu. Tisa walikuwa na sababu zao, mmoja alivunjika mguu maweni, mmoja alikula mfuko wa plastiki, na wengine kama hao. Waliobaki ni hamsini na wanane.

Ilikuwa saa sita na nusu, na sahihi bado. Sheha Kificho alichukua kalamu, akaishika juu ya karatasi bila ya kuishusha.

"Nikitia sahihi, cheti ndiyo basi," alisema.

"Ndiyo basi, Sheha. Na changu pia."

Mzee akamtazama. Hakuwa akijua kuwa na karani alikuwa na cheti cha kupoteza. Akainama, akatia sahihi, kisha hakuirudisha kalamu. Akauliza kama wale wa harusi walikuwa wameshaondolewa kwenye hesabu. Akaambiwa ndiyo, harusi ya binti yake Maryam iliandikwa ng'ombe watatu.

"Harusi ilikuwa ya mmoja," sheha alisema, na sasa ndiyo watu walicheka kwelikweli. "Wale wawili waliugua wiki ile ile. Nikaona bora waonekane ni karamu. Watie."

Wakawa sitini.

Waliingia mjini saa nane kasorobo, Bi Mwanamkasi vumbi mpaka kwenye kope, buibui jipya halijulikani rangi. Ayoub alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Alipomaliza alicheka peke yake, akasema subhanallah, akaamuru nambari ibadilishwe. Lakini akataka kumsaidia. Alimshauri, kwa nia njema, kwamba waiweke sitini kimya kimya bila ya maelezo, kwani nani anayejua kuwa jana ilikuwa sifuri? Daftari lake libaki safi, na cheti achukue, miaka minne tu imebaki astaafu.

Bi Mwanamkasi alikaa akafikiri. Asingekuwa mtu kama asingetamani. Alikiona cheti kimetundikwa barazani kwake, wanawake wa mtaa wanakisoma. Kisha akamkumbuka yule mzee na msumari wake, naye hakubakisha wawili wa kujifichia.

"Kama tunawasomea watu, tuwasomee na hilo," alisema. "Wakijua tumekosea na tumesema, mwakani watatuletea wenyewe. Tukificha, wataficha."

Akachukua kalamu nyekundu ya Nassra, maana yeye hakuwahi kumiliki. Katika ukurasa wa Kidundo akapiga msitari juu ya sifuri mbili za miaka miwili, msitari mnyoofu kwa rula, kwani kufuta nako kuna adabu yake. Aliona haya na aliona raha, na hakuweza kusema kipi kilizidi. Chini ya orodha iliyochapwa kukawa na maneno aliyoyaandika mwenyewe: Takwimu za Kidundo zimerekebishwa. Ng'ombe waliochinjwa kwa ugonjwa hawakuhesabiwa. Kosa ni la masjala. Karani, M. Kheir.

Alkhamisi asubuhi ubao ulizungukwa na watu. Walikuwepo wafugaji, wenye maduka ya Mlandege waliovutwa na umati tu, na vijana wanaopiga picha kila kitu. Mtu mmoja mwenye sauti nene akawasomea wengine kutoka juu mpaka chini, Kidundo sitini, watu wakaguna, akafika kwenye maneno ya mwisho, akayasoma mara mbili. Akageuka akauliza kwa nguvu huyu M. Kheir ni nani.

Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama nyuma yao, buibui limefuliwa.

"Naam," alisema. "Ni mie."

Wakamtazama. Alingojea matusi, akajiandaa hata kwa kicheko. Yule mtu akaja mpaka mbele yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kwao Bungi pia wanaweza kuleta waliowawahi, maana kwao sifuri pia si sifuri. Kabla hajamjibu, wa pili alikuwa ameshasimama nyuma ya wa kwanza, na nyuma yake wa tatu. Nassra akateremsha kiti na meza ndogo. Siku hiyo Bi Mwanamkasi hakula mchana, na hakukumbuka kuwa hajala.

Chanjo mia tatu zilikwenda Kidundo. Kila ng'ombe anayechanjwa huvishwa hereni ya nambari sikioni, na hereni nambari moja alivishwa mtamba wa Bi Bashira, mtoto wa marehemu Mpaji, kwa amri ya sheha ambayo hakuna aliyeipinga. Fomu za maradhi nazo zilichapwa upya kwa Unguja nzima, zikaongezwa safu ya tatu, waliowahiwa, na upande wa pili nafasi ya kuandika dalili.

Masika yakaja na kupe wake, yakapita. Mwezi wa Julai Mashavu aliingia ukumbini na sinia, na chini ya sinia bahasha kutoka kwa Sheha Kificho. Bi Mwanamkasi akaifungua kwa haraka, akiwa bado na kitambaa cha miwani mkononi. Waliokufa: hakuna. Waliowahiwa: wawili, wote ndama ambao hawajafikia kuchanjwa, tezi chini ya masikio, na mmoja ni wa sheha mwenyewe, na jina lake limeandikwa kwa mkono wake. Akafungua daftari, akatia rula, akaandika mbili kwa wino wa buluu, taratibu, na akaitazama kwa muda kabla haijakauka.

Mashavu alikuwa ameshamimina. Bi Mwanamkasi akanyanyua kikombe, akakishusha tena, akauliza maziwa haya ya nani.

"Ya mtamba wa Bi Bashira," Mashavu alisema. "Kazaa mwezi uliopita. Kasema kikombe cha mwanzo cha mjini uletewe wewe."